Sebule ya futi 9 kwa 20 yenye milango minne: makochi yakae wapi?

#1 Mpangaji wa Tabata
Habari za jioni wakuu. Nimehamia nyumba ya kupanga huku Tabata. Maji yapo, mwenye nyumba muungwana, majirani hawana neno, ila sebule imenishinda. Upana futi 9, urefu futi 20. Mlango mkubwa uko kwenye ukuta mfupi wa mbele. Ukiingia, ukuta wa kushoto una futi 2 tu halafu mlango wa masta, kisha futi 6 za ukuta mtupu, kisha mlango wa korido ya vyumba vya watoto, kisha futi 6 nyingine hadi mwisho. Kulia kuna madirisha mawili makubwa. Mwisho kabisa unatokea jikoni. Soketi iko moja tu, nyuma ya mlango mkubwa.

Nina makochi ya watu 7 (la watatu, la wawili, na mawili ya mmoja mmoja), kabati la TV na meza ya kioo. Nikiyaingiza yote, mtu akitoka jikoni na sufuria ya uji inabidi wageni wainue miguu.

Naomba msaada kwa mambo mawili. Makochi yakae vipi? Na kwa nini nyumba nyingi za mjini zina sebule ya kupitana kama stendi? Karibu kila nyumba niliyoenda kuangalia kabla ya hii ilikuwa hivihivi.

#2 Jirani Mwema
Ngoja wataalamu waje. Natega sikio, maana hata kwangu ndiyo hayohayo.

#3 Bi Mtule
Uza la wawili na moja la mmoja. Hujui la kufanya kwa sababu unataka vitu vya nyumba ya zamani viishi kwenye nyumba mpya. Sebule hiyo haihitaji makochi ya watu saba. Wageni saba wanakuja lini? Idi na Krismasi. Siku hizo mnatoa viti vya plastiki, maisha yanaendelea.

#4 Mtoa Hoja
Futi 9 ni mita 3, siyo nyembamba kihivyo. Panga makochi pande zote mbili yatazamane, basi.

#5 Seremala wa Keko
#4 hapana mkuu. Futi 9 ni mita 2.74. Hizo sentimita 26 ulizoongeza ndizo anazokosa kupita.

Nafanya kazi hii ya makochi hapa Keko, ngoja niseme ninachokijua. Kochi la kawaida tunalotengeneza lina kina cha sentimita 90 kuanzia mgongoni hadi mbele, yale ya mikono minene hufika hata mita 1. Ukiweka mawili yatazamane umetumia mita 1.8, zinabaki sentimita 94. Weka meza katikati, umefunga njia. Mtu mzima mwenye sinia mkononi anataka angalau sentimita 75 za kupita bila kujibana.

Kwa hiyo upande mmoja tu ndio ukae makochi. La watatu likae kulia chini ya madirisha, TV ikae kushoto kwenye zile futi 6 katikati ya mlango wa masta na wa korido. Njia inabaki katikati, moja kwa moja kutoka mlango mkubwa hadi jikoni. Meza ya kioo iondoke, tumia stuli mbili ndogo zinazoingia pembeni ya kochi.

Swali moja: kingo ya dirisha iko juu kiasi gani kutoka sakafuni? Mgongo wa kochi ukiizidi, pazia halitafunguka vizuri na kitambaa cha kochi kitapauka kwa jua.

#6 Mpangaji wa Tabata
#5 asante sana. Nimepima, ni futi 3 na inchi mbili. Mgongo wa kochi uko chini ya hapo.

#7 Msoma Ramani
Tatizo lako linaanzia kwenye ramani, siyo kwenye makochi. Mtu anapata ramani ya bure mtandaoni, imechorwa kwa kiwanja kipana. Yeye ana mita 20 kwa 20, tena anataka abakize nafasi ya fremu mbili za duka mbele. Anamwambia fundi "punguza". Fundi hawezi kupunguza vyumba kwa sababu mwenye nyumba amevihesabu, hawezi kupunguza choo, jiko ni dogo tayari. Kinachokatwa ni sebule. Milango inabaki ilipokuwa, ukuta unasogezwa. Mchoraji angeambiwa tangu mwanzo, angezungusha milango ikae pembe moja na ukapata ukuta mzima wa kuegesha vitu.

#8 Fundi Tofali
#7 mkuu, mafundi tunasingiziwa sana. Mimi nimejenga nyumba nyingi na nakwambia mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayesema korido hataki. Piga hesabu: korido ya futi 4 kwa futi 20 ni futi za mraba 80. Inataka msingi, tofali, plasta, dari, vigae, rangi, na hakuna anayelala mle. Ukiiondoa, milango ya vyumba inafunguka sebuleni. Sebule ndiyo inakuwa korido. Hivyo mleta uzi hana sebule yenye njia, ana njia yenye makochi.

#9 Jirani Mwema
Hiyo ya mwisho imenigusa.

#10 Babu wa Magomeni
Vijana mnasahau nyumba zetu zilianzaje. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Magomeni, Temeke haikuwa na sebule. Ilikuwa na ukumbi katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto. Jiko, bafu na choo viko uani. Mgeni anapokelewa barazani, wanawake wanakaa uani, watu wakiagana giza limeshaingia. Chumba cha kukaa na TV ndani hakikuwamo.

Watoto wakarithi, au nyumba ikauzwa kwa mtu mwenye familia moja. Akabomoa ukuta kati ya vyumba viwili, akapata chumba kirefu cha futi 10 kwa 20. Au akaziba baraza la mbele kwa tofali na madirisha, akaita sebule. Ninaposoma vipimo vya huyu mpangaji, futi 9 kwa 20 na mlango wa masta unaofungukia humo, naona baraza lililozibwa. Akaangalie: je, kuna kizingiti au ngazi ndogo kuingia masta? Je, ukuta wa kushoto una alama ya dirisha lililozibwa?

#11 Mtoa Hoja
Babu hapa umetoa darasa. Ila Tabata si Magomeni, nyumba nyingi za huku ni za miaka ya karibuni.

#12 Mtoto wa Malindi
Assalaam alaykum. Mnalaumu fundi na ramani, huku kwetu Unguja kumbi nyembamba zilikuwepo kabla ya hao wote. Nyumba za Mji Mkongwe vyumba ni virefu na upana wake ni kama mita mbili na nusu hadi tatu. Sababu ni boriti. Dari lilikuwa la miti ya mikoko iliyopangwa, juu yake mawe na chokaa, na mti wa mkoko hauwezi kubeba mzigo ule ukiupitisha sana. Urefu wa chumba unaweza kwenda utakavyo, lakini upana unaamuliwa na boriti. Lamu ni vivyo hivyo, ndani unakuta vyumba virefu vimefuatana, kimoja nyuma ya kingine, na zidaka ukutani za kuwekea sahani na vitabu.

Na watu walikaa humo vizuri tu. Bibi yangu alikuwa na ukumbi mwembamba kuliko huo wa Tabata. Magodoro ya pamba yaliyofunikwa kanga yamepangwa ukutani upande mmoja, busati chini, sinia la chai na mbatata katikati. Vyombo vyote viko kwenye zidaka. Hakuna aliyeinua miguu.

#13 Fundi Tofali
#12 nakubali boriti kwa Mji Mkongwe, lakini haiwezi kueleza Tabata. Nyumba ya huku imeezekwa bati juu ya kenchi, yaani fremu za mbao za paa. Mbao ya 2 kwa 4 sokoni unaipata ya futi 12, lakini kenchi inaungwa, inapita juu ya chumba cha mita 6 bila nguzo. Kwa hiyo paa halimlazimishi mtu kujenga sebule ya futi 9. Ni fedha tu.

#14 Mtoto wa Malindi
#13 sikusema boriti ziko Tabata. Nasema jicho la watu limezoea chumba chembamba na kirefu, hata boriti zilipoondoka umbo likabaki. Hata Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alipotaka baraza pana kwenye jumba lake la Beit al-Ajaib mwaka 1883 ilibidi aingize nguzo za chuma. Mtu wa kawaida hakuwa na chuma.

#15 Msoma Ramani
Na sehemu ya Beit al-Ajaib ikaporomoka Desemba 2020, inauma sana. Ila turudi sebuleni.

#16 Mswahili wa Maskati
Niko Oman. Mtoto wa Malindi anasema kweli, na boriti hizohizo za Rufiji na Lamu zilipakiwa kwenye majahazi zikaja huku Ghuba. Nyumba kongwe za hapa vyumba vyake vina upana uleule wa kwetu. Ndiyo maana majlisi imekaa ilivyokaa: mito na magodoro mafupi yanafuata ukuta, katikati patupu. Hata sasa watu wana majumba makubwa yenye zege na bado chumba cha wageni wanakipanga hivyo.

Ndugu wa Tabata, ushauri wangu ni huo. Tengeneza kiti cha chini kinachofuata ukuta wote wa madirisha, futi 20 ukitaka. Kina cha sentimita 70 kinatosha. Umeokoa sentimita 20 kwenye upana na wanakaa watu kumi.

#17 Bi Mtule
#16 wazo zuri lakini mama mkwe wake akija mwenye magoti mabovu atainuka vipi kutoka chini? Kiti kiwe na kimo cha kawaida. Mama yangu anaumwa magoti, akikaa kwenye kochi la chini tunamvuta watu wawili. Kimo cha kukalia kisipungue sentimita 45.

#18 Seremala wa Keko
#17 umesema jambo la maana. Wateja wanaangalia kitambaa na rangi, hawakai kujaribu. Njoo na mtu mzima wa nyumba yako karakana, akae, ainuke. Akishika mkono wa kochi ili ainuke, mkono ule uwe mgumu, siyo sponji tupu.

Wazo la #16 linatengenezeka kwa mbao. Fremu ya boksi yenye mfuniko, ndani mnaweka mashuka na viatu. Lakini nyumba ni ya kupanga. Ukitengeneza kipande kimoja cha futi 20 utakiacha hapo ukihama. Agiza vipande vya futi 5, vinne.

#19 Mkaaji wa Umoja
Salamu kutoka Nairobi. Nimesoma kote na hakuna aliyeitaja TV kama chanzo. Mimi nasema TV ndiyo imeharibu sebule. Chumba kirefu kilikuwa na faida, watu wanakaa wakiangaliana kwenye mstari. TV ilipoingia, viti vyote vikalazimika kuangalia ukuta mmoja, na ukuta mmoja mtupu ndio haupo. Huku kwa nyumba za kupanga soketi na waya wa TV viko kona moja, basi wapangaji wa jengo zima wamepanga viti sawa. Ukiingia kwa jirani wa juu unajua pa kukaa bila kuonyeshwa.

#20 Kijana wa Mbezi
Mimi ningeweka TV ya inchi 65 kwenye ule ukuta mfupi wa jikoni, watu wote wakae wakiangalia huko. Mechi zinanoga.

#21 Bi Mtule
#20 na mwenye kupika atapita katikati ya mechi mara ngapi? Halafu ukuta wenyewe una mlango. TV yako itakuwa inafunguka na kufungwa.

#22 Kijana wa Mbezi
😂😂 Haya mama, nimenyoosha mikono. Lakini inchi 65 naitaka.

#23 Seremala wa Keko
#20 inchi 65 ina upana wa karibu mita 1.44. Ukuta wake wa futi 6 ni mita 1.83, inaingia kwa shida, na ukiwa umekaa kochi la dirishani macho yako yako kama mita 2 tu kutoka kwenye kioo. Inchi 43 ina upana wa sentimita 95, inatosha na inabaki nafasi ya kufungua mlango wa masta bila kugonga kabati. Hata 55 inaingia, ni mita 1.22.

#24 Mama Wawili
Mmesahau mwanga. Madirisha yako kulia, TV mmeiweka kushoto inayatazama. Kuanzia asubuhi kioo kitaonyesha dirisha badala ya katuni. Kwangu ni hivyohivyo na watoto wanavuta pazia mchana kutwa, sebule inakuwa giza na joto, umeme wa feni unakwenda. Kabla ya kupigilia chochote, aiweke TV juu ya stuli hapo kwa siku kadhaa aone saa ngapi jua linaingia.

#25 Mpangaji wa Tabata
#24 kumbe ni kweli. Nimeiegesha leo. Madirisha yanaangalia mashariki, mpaka saa nne hivi sioni kitu, baada ya hapo ni safi. Kwa kuwa asubuhi sisi hatupo nadhani tutavumilia.

Na Babu #10, nimekwenda kuangalia. Kuingia masta kuna kizingiti kama inchi mbili, na ukuta ule wa kushoto ni mnene kuliko kuta nyingine za ndani. Alama ya dirisha sijaona, imepakwa rangi vizuri.

#26 Babu wa Magomeni
Nilijua. Ukuta mnene ulikuwa wa nje. Wewe unakaa barazani, mjukuu wangu.

#27 Fundi Tofali
Babu kwa heshima, kizingiti cha inchi mbili hakithibitishi kitu. Masta wakiweka vigae juu ya sakafu ya zamani na sebuleni wakaacha, unapata kimo hichohicho. Na ukuta mnene unaweza kuwa wa tofali la inchi 6 na nyingine wamelaza la inchi 5 kubana matumizi. Aangalie juu ya dari: bati la sebule ni paa lilelile au limeunganishwa? Kama limeunganishwa, Babu ameshinda.

#28 Msoma Ramani
Hata kama limeunganishwa, bado kuna mtu aliamua mlango wa masta ubaki palepale badala ya kuupeleka koridoni. Hiyo ni ramani, narudia.

#29 Mpangaji wa Tabata
Juu kuna jipsamu, siwezi kutoboa nyumba ya watu. Nitamuuliza mwenye nyumba siku ya kodi.

Soketi sasa. Iko nyuma ya mlango mkubwa, TV itakuwa futi 5 au zaidi kutoka hapo, na katikati kuna mlango wa masta. Nipitishe waya wa ekstensheni chini ya zulia?

#30 Fundi Umeme wa Mtaa
USIPITISHE CHINI YA ZULIA. Watu wanaukanyaga kila siku, ngozi ya waya inachubuka bila kuonekana, joto halina pa kutokea, na zulia ni kitu kinachoshika moto. Mlangoni ndipo pabaya zaidi kwa sababu hapo ndipo miguu yote inapita. Panda nao juu: kutoka kwenye soketi, ufuate fremu ya mlango wa masta kwa trankingi nyeupe ya plastiki (ile mifereji yenye mfuniko ya kufichia waya), ushuke upande wa pili. Trankingi ya kubandika haiachi tundu, mwenye nyumba hatalalamika. Na usichomeke pasi wala jagi la umeme kwenye ekstensheni ya TV.

#31 Jirani Mwema
#30 Mungu akubariki. Nimeinua zulia langu sasa hivi, waya umeshabonyea. Nautoa.

#32 Mama Wawili
Na zile futi 20 msizichukulie kama chumba kimoja. Kwangu tumeikata kwa zulia. Zulia la mbele linaishia pale kochi linapoishia, huo ndio ukumbi wa wageni. Zile futi 6 za mwisho karibu na jiko tumeweka meza ndogo ya kukunja ukutani, watoto wanafanyia kazi za shule na tunalia chakula hapo. Hakuna ukuta wala pazia la kugawa. Wageni wanajua zulia mwisho wake wapi, watoto pia wanajua.

#33 Mswahili wa Maskati
Hapo umemaliza. Pia apate nafasi safi ya kutandika msala, hiyo sehemu ya nyuma inafaa kama kibla kinaruhusu.

#34 Mkaaji wa Umoja
Naunga mkono #32, lakini mtu akifungua mlango wa jikoni kwa ndani si utagonga meza? Mlango unafunguka upande upi?

#35 Mpangaji wa Tabata
Hakuna mlango jikoni, ni uwazi tu wenye tao. Kwa hiyo meza ya kukunja inawezekana.

Nimeamua hivi: la watatu chini ya dirisha, moja la mmoja pembeni yake, la wawili nauza. Meza ya kioo imeshapata mtu. Mke wangu ametoa wazo la kubadilisha la watatu na la mmoja kuwa L moja ndogo. Seremala, L itapita mlangoni?

#36 Bi Mtule
Mke kaongea, uzi umepata mwenyekiti.

#37 Seremala wa Keko
L inapita, maana inakuja vipande viwili na inafungwa kwa vyuma chini ukishaingia ndani. Mlango wako mkubwa una uwazi wa futi 3? Kipande kirefu kinaingia kikiwa kimesimamishwa wima na miguu imefunguliwa. Usikubali miguu iliyogongomewa misumari, dai ya kufungua kwa mkono.

Kinachowachanganya wateja ni upande. Wanapiga simu "nataka L ya kulia", nikiwatengenezea wanasema ya kwao ilikuwa kushoto, kwa sababu mmoja anasema akiwa amekaa, mwingine akiwa amesimama analitazama. Simama mbele ya ukuta wa madirisha, mgongo wako uelekee TV. Mkono wa L ukiwa upande wa mlango mkubwa utamzuia kila anayeingia, na upande wa jikoni utabana meza ya watoto. Kwa sebule yako mkono huo uwe mfupi, usizidi futi 4 na nusu kutoka ukutani, halafu niambie upande gani wageni wako huvulia viatu. Nitumie picha ukiwa umesimama hivyo, na uchore mshale.

#38 Fundi Tofali
Futi 4 na nusu kwenye upana wa 9? Umekula nusu ya chumba mkuu. Mimi nasema futi 4 mwisho.

#39 Seremala wa Keko
Futi 4 mtu hawezi kunyoosha miguu vizuri. Zimebaki 4 na nusu za kupita mbele ya mkono, hapo hakuna kabati la TV, watu wawili wanapishana.

#40 Mama Wawili
Achore kwa chaki sakafuni vipimo vyote viwili, familia ipite hapo hadi jioni, waamue wenyewe.